Jua Haki Zako: Mistari mitatu ya mwisho ya fomu

Mama mmoja wa Kayole, Nairobi, ameniandikia barua ya kurasa nne. Bintiye alifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, katika kundi la kwanza kabisa la mtaala wa umilisi kufika Gredi ya 9. Alama zake si mbaya. Alichagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa sababu anapenda muziki na anaujua. Nafasi za sekondari pevu, kuanzia Gredi ya 10, zilipotangazwa Desemba, mtoto akajikuta amepangiwa shule ya kutwa. Mama hana neno na kutwa, kwani pesa za bweni hana. Ila shule yenyewe iko Vihiga. Yaani msichana aamke Kayole alfajiri, awahi somo la kwanza Vihiga, kisha jioni arudi nyumbani kula.

Alipokwenda kuuliza katika shule aliyotoka binti, aliambiwa, “Ndivyo mlivyochagua.” Alipoomba kuiona fomu ya kuchagua shule, akajibiwa kwamba kila kitu kilishaingizwa mtandaoni na karatasi haziwekwi. Akiwa anatoka, mtu wa ofisi hiyo hiyo akamfuata hadi langoni, akamnong’oneza kwamba yuko jamaa wizarani anayeweza “kurekebisha”, bora tu aje na elfu thelathini.

Nitarudi kwa huyo wa langoni. Kwanza tuangalie huyu mtoto alinaswa wapi, maana wazazi wa Gredi ya 9 ya mwaka huu wanaelekea pale pale.

Fomu inataka shule 12. Tisa ni za bweni: tatu ndani ya kaunti ya nyumbani na sita nje yake. Tatu zilizobaki ni za kutwa, katika kaunti ndogo anayotoka mwanafunzi au anayoishi. Hiyo “au” ndiyo iliyomponza binti wa Kayole. Mwalimu aliyekabidhiwa rundo la fomu na siku chache za kuziingiza hakumwita mzazi. Alifungua cheti cha kuzaliwa, akaona Vihiga, akajaza shule tatu za Vihiga. Familia yenyewe iliondoka huko zamani na haina hata kibanda cha kufikia. Katika mtandao wa wizara, nyumbani kwao ni huko huko.

Nimeona jinsi familia zinavyoijaza fomu hii. Mistari ya kwanza inajadiliwa wiki nzima. Mjomba anapigiwa simu, binamu aliyesoma Mang’u anaulizwa, mama anataka Kenya High, baba anataka shule aliyoikosa yeye mwaka wa 1994. Wakifika mistari ya kutwa, kila mtu amechoka, na mzazi anamwambia mwalimu, “Hizo andika zozote tu, huko haendi.” Lakini waliofanya mtihani ule wa kwanza walizidi milioni 1.1, na shule za kundi la C1, zile tulizozoea kuziita za kitaifa, ni chache mno kwa umati huo. Shule nyingi zaidi nchini ni za C4, za kutwa, mtaani na kijijini. Kwa watoto wengi wa Kenya, pale palipojazwa kwa uchovu ndipo watakaposoma miaka mitatu.

Kuna shimo la pili, na hili walimu wengine wenyewe hawalijui. Kila sekondari pevu inafundisha STEM. Sanaa na Sayansi ya Michezo inapatikana tu katika shule zilizoruhusiwa kufundisha mikondo yote mitatu, na shule nyingi ndogo za kutwa zina miwili pekee. Mtoto anayetaka muziki, maigizo au michezo anaweza basi kutajiwa shule tatu za jirani zisizo na mkondo wake. Akikosa bweni, ataishia kusoma Fizikia asiyoitaka, na wazazi watasema serikali imempokonya kipaji. Imempokonya, ndiyo, lakini fomu ilisaidia. Kabla ya kuandika jina la shule, uliza mambo mawili: ina mikondo gani, na ule mchanganyiko wa masomo matatu aliouchagua mtoto unafundishwa kweli, na mwalimu aliyepo? Mwalimu mkuu akisema “tunatarajia kuletewa”, hesabu kwamba hayupo.

Jambo jingine ni pesa. Viwango vya karo vilivyoidhinishwa kwa bweni ni Sh53,554 kwa mwaka katika shule za juu na Sh40,535 katika nyingine. Hapo bado godoro, sanduku, na sare ambayo kwa miujiza hupatikana katika duka moja tu mjini. Mzazi asiyeweza kulipa hizo anajua tangu mwanzo kwamba mwanawe ni wa kutwa. Hata hivyo fomu inamdai shule tisa za bweni, na za kutwa inampa tatu. Aliyepanga hesabu hiyo alikuwa na mzazi wa namna gani akilini? Kama uwiano ungefuata mifuko ya Wakenya, ungegeuzwa juu chini.

Fomu hujazwa katikati ya mwaka, kabla ya mtihani wenye asilimia 60 ya alama. Mzazi anachagua gizani, ila si giza totoro. Asilimia 20 za KPSEA ya Gredi ya 6 zipo tayari, na 20 za tathmini za Gredi ya 7 na 8 zipo pia. Daini karatasi hizo shuleni kabla ya kuandika lolote. Kama mtoto amekuwa akipata viwango vya kati kwa miaka mitatu, kumjazia shule za C1 tupu ni kumpeleka moja kwa moja kwenye ile mistari ya mwisho.

Sasa sheria. Niseme wazi ili nisimdanganye mtu: hakuna sheria Kenya inayompa mtoto wako haki ya kuingia shule fulani. Katiba, kifungu cha 53, inampa haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haisemi Alliance. Mwaka 2011 wazazi wa watoto waliosoma shule za kibinafsi walikwenda Mahakama Kuu kupinga mgao wa nafasi za shule za kitaifa, uliowapa kipaumbele waliotoka shule za umma. Walishindwa. Mahakama ilikubali kwamba serikali inaweza kuwainua walioachwa nyuma, hata kama kwa kufanya hivyo mwenye alama za juu atakosa nafasi. Kwa hiyo anayekuja kwangu na hoja ya “mwanangu ana alama nyingi kuliko wa jirani” huwa namwambia asipoteze nauli.

Ulicho nacho ni haki ya kutendewa ipasavyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka uamuzi wa afisa wa serikali uwe wa haki, wa haraka na wa kufuata sheria, na ukikuumiza una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. “Mtambo ndio umechagua” haiwezi kuwa sababu. Mtambo haukufungua cheti cha kuzaliwa cha huyu msichana. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuonyesha njia. Ombi lako unaweza kuliandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, na kuliwasilisha hakulipiwi, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa huyo huyo. Omba nakala ya fomu iliyotiwa sahihi, na rekodi inayoonyesha ni nani aliyeziingiza zile shule na siku gani.

Hapa ndipo ninapokasirika na sheria ninayoisifu. Afisa amepewa siku 21 za kujibu ombi lako. Dirisha la kubadilisha shule Desemba 2025 lilifunguliwa kwa siku chache, tena katikati ya likizo, ofisi nyingi zikiwa zimefungwa na nusu ya Nairobi iko mashambani. Fuata sheria neno kwa neno, na jibu litakuja dirisha likiwa limeshafungwa. Upo mlango wa haraka, wa saa 48, lakini umewekewa habari za kuokoa uhai au uhuru wa mtu. Miaka mitatu ya mtoto darasani haijaingizwa humo. Sheria ya Elimu ya Msingi nayo ni ya 2013, iliandikwa tukiwa bado katika 8-4-4, na ndiyo tunayoitegemea kuamua mambo ya mikondo na Gredi ya 10. Wizara inataja vigezo vyake: alama, chaguo la mwanafunzi, usawa, nafasi zilizopo. Ni vigezo vizuri. Lakini fomu anayopewa mzazi haimwambii chaguo la kwanza lina uzito gani mbele ya alama, wala kama shule aliyoiweka ya tatu itamhesabu kuwa wa pembeni. Ukimtaka mtu apange kwa mfuatano, mwambie mfuatano huo una kazi gani. La sivyo unamchezesha kamari na mwanawe.

Kwa wazazi wa mwaka huu, basi: shule za kutwa ziandikeni kwanza, mkiwa bado na akili timamu, halafu ndipo mgombane juu ya za bweni. Nendeni mkazione kwa macho. Siku ya kuingiza majina mtandaoni, mmoja wenu awe amekaa kando ya mwalimu, na mtoto awepo, kwa sababu Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni yake yasikilizwe katika jambo linalomhusu. Someni kaunti ndogo iliyoandikwa kabla ya kusoma jina la shule. Pigeni picha ya fomu yenye sahihi na muhuri, na ya skrini pia. Mwalimu akisema hairuhusiwi, mwambieni aandike hivyo na atie sahihi. Sijamwona bado aliyekubali kuandika.

Na yule wa langoni? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza malipo yoyote ya kumpokea mtoto shuleni. Kifungu cha 29 kinaruhusu ada nyingine tu kwa idhini ya Waziri, kwa risiti rasmi, na mtoto asikataliwe shule kwa kushindwa kuzilipa. Elfu thelathini za langoni hazina idhini wala risiti. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayepokea na inamshika anayetoa vilevile, na kifungo kinaweza kufika miaka 10. Nakusisitizia hili, mama, kwa sababu hawa watu huwa na ujanja: mwezi wa tatu anarudi kudai nyingine, na ukilalamika anakukumbusha kwamba mko pamoja kwenye kosa. Wengi wao hawana jamaa yeyote wizarani. Wanangoja tu, kama mtoto atahamishwa kwa njia ya kawaida wanadai ni kazi yao, asipohamishwa wanazima simu. Kama ujumbe wake bado uko kwenye simu yako, usiufute. Upeleke EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Sheria hiyo hiyo inamlinda anayetoa habari.

Kuna jambo katika barua yako limenitia wasiwasi. Unasema binti amebaki nyumbani tangu Januari “mpaka haki ipatikane”. Usifanye hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi inamtia hatiani mzazi asiyempeleka mtoto shuleni bila sababu ya msingi, na afisa uliyemlalamikia atafurahi sana kukugeuzia hilo. (Angalia sheria ilivyo: mzazi anatishiwa mashtaka, na aliyejaza Vihiga anaendelea na kazi yake.) Tafuta leo shule ya kutwa iliyo karibu na Kayole yenye mikondo yote mitatu. Muone mwalimu mkuu, muulize kama ana nafasi, na kama anayo akupe kwa maandishi. Hakuna ruhusa ya kumtoza mtoto pesa ya mahojiano wala kumbagua kwa kabila au dini. Kifungu cha 34 kinakataza ubaguzi wa aina hiyo. Kwa karatasi hiyo, omba uhamisho kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Uhamisho na malalamiko viende pamoja, kimoja kisisubiri kingine.

Barua ya malalamiko iwe fupi, ukurasa mmoja. Taja nambari ya mtihani ya mtoto, mahali mnapoishi, shule aliyopangiwa, na sema kwamba shule za kutwa ziliingizwa bila wewe kuulizwa. Omba mambo matatu: nakala ya fomu, jina la aliyeiingiza, na sababu za uamuzi kwa maandishi. Andika vifungu vya 35 na 47 vya Katiba. Maafisa wetu huanza kusoma kwa makini wakiona namba. Mwalimu mkuu wa shule aliyotoka ndiye wa kuandikiwa, nakala kwa mkurugenzi. Zikipita siku 21 kimya, au ukijibiwa upuuzi, ipeleke kwa Tume ya Haki katika Utawala, ile watu wanaiita ofisi ya Ombudsman, ambako kulalamika ni bure. Mahakama iwe ya mwisho, maana kesi itachukua muda mrefu kuliko Gredi ya 10 yenyewe.

Beba nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe mbele yako. Karani akisema muhuri haupo, subiri pale pale mpaka upatikane.