Ukianza Kuchechemea, Tua Mzigo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, kuli wa Kariakoo. Nashusha mizigo kwenye magari na kuipandisha stoo za ghorofani, Mtaa wa Kongo na Sikukuu. Jumapili nakimbia na klabu yetu ya jogging, na tumepania nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21. Mwezi uliopita tulitoka kilomita 8 tukaenda 16. Tangu hapo nyonga ya kushoto inauma. Mwanzoni nikishapata moto ilikuwa inaachia. Sasa maumivu yameingia kinenani, nikipanda ngazi na gunia nachechemea, na usiku yananiamsha. Mshikaji wangu kanipa diklofenaki, nameza asubuhi na jioni ndipo naweza kazi. Mwingine anataka anipeleke kwa mzee anayevuta viungo. Wenzangu wa klabu wanasema nikaze, kwani Akhwari alimaliza mbio na goti bovu. Nisipobeba, nyumbani hatuli. Nifanye nini?*

*Mbeba mizigo, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Jumapili hii usikimbie. Kesho usipande ngazi na gunia. Na wiki hii hii, usingoje mwisho wa mwezi, nenda hospitali nyonga yako ipimwe na kupigwa picha.

Uchovu wa kazi naujua. Misuli ikichoka, maumivu hutanda, mara nyingi miguu yote miwili, na baada ya siku mbili tatu hupungua. Yako yamekaa upande mmoja, yamezama kinenani, yanakuamsha usiku na yamekubadilisha mwendo. Hilo la kuchechemea ndilo linalonitia hofu zaidi. Mtu hachechemei kwa uvivu. Mwili wake umekataa kuweka uzito pale panapouma.

Fupa la paja lina shingo nyembamba karibu na nyonga, na uzito wa kiwiliwili chako pamoja na gunia hupita hapo. Fupa likigongwa kila siku bila muda wa kujijenga, huweza kupata ufa. Ufa ukigundulika mapema, mara nyingi hupona kwa magongo na wiki kadhaa za kutoukanyagia mguu. Ukiendelea kuubebea mizigo, shingo ile inaweza kukatika, na hapo ni upasuaji. Huenda tatizo lako ni msuli au kano tu, lakini hakuna anayeweza kuhakikisha hilo kwa kubonyeza na vidole. Kwa hiyo mzee asikuvute. Mguu ambao haujajulikana una nini hauvutwi wala hauchuliwi.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, Ilala. Ikibidi watakuandikia rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Usimwambie daktari "mguu unauma" ukanyamaza. Mwambie unabeba nini, umeongeza mbio kiasi gani, maumivu yako kinenani, na usiku hulali. Kama una selimundu, sema, maana ugonjwa huo unaweza kukinyima damu kichwa cha fupa la paja hadi kife. Kama umewahi kutumia prednisoloni au deksamethasoni za kununua dukani kwa muda mrefu, sema pia. Nazo zinaweza kuleta madhara hayo hayo. Na ujue kwamba eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi na ufa upo. Ukiambiwa huna kitu na bado unachechemea, rudi, uulize kuhusu kipimo cha MRI.

Diklofenaki haitibu ufa. Inakuzimia maumivu ili uendelee kuuchimba. Ukiimeza kila siku bila daktari, inaweza kukutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho juani kutwa na kunywa maji kidogo. Acha mpaka daktari aamue.

Sasa nije kwa wenzako wa klabu, maana nao wanamtaja mtu ninayemheshimu. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki, Mexico City, Oktoba 1968, akaumia goti na bega. Alifungwa bandeji, akamaliza wa mwisho zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Ile ilikuwa siku moja, mbio moja. Vijana wengi husahau sehemu ya pili: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Nafasi ya tano haipatikani kwa mguu wa kuburuza. Ukitaka kumuenzi, upone kwanza.

Chanzo cha yote haya, kwa maoni yangu, ni hesabu. Klabu inahesabu kilomita za Jumapili peke yake, na bosi anahesabu magunia ya Jumatatu hadi Jumamosi. Mguu unahesabu vyote kwa pamoja, na haujui kipi ni kazi na kipi ni mazoezi. Ulikuwa umeshaubebesha siku sita, ukaukimbiza siku ya saba, kisha ndani ya mwezi mmoja ukauongezea umbali mara mbili. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake. Wewe na mimi tunajua gunia la Kariakoo lina kilo ngapi, sembuse lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi.

Najua mapumziko hayalipi kodi ya nyumba. Ongea na wenzako wa kijiwe leo. Waombe kazi ya kuhesabu mzigo, kulinda mkokoteni au kupanga stoo ukiwa umekaa, hata kwa ujira mdogo. Kama mnacheza mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, mwombe kijumbe akupe zamu ya mbele. Wiki chache za kipato kidogo zinauma, lakini fupa likikatika utakaa miezi mingi bila kazi.

Daktari akikuruhusu kurudi, rudi taratibu. Anza kwa kutembea, kisha kutembea na kukimbia kwa zamu, na ongeza kidogo kila wiki mradi kesho yake mguu haulalamiki. Siku moja katika wiki usibebe wala usikimbie. Imarisha misuli ya nyonga: lala ubavu, mguu wa juu umenyooka, unyanyue polepole na kuushusha polepole. Kisha lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu hadi tano, shusha. Mizigo mizito ishikeni wawili, na penye njia tumieni toroli.

Angalia na raba zako. Ukinunua za mtumba pale Karume, ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma. Kiatu kilichoegemea upande, au ambacho soli yake ukiibonyeza na dole gumba haibonyei, kimekwisha hata kama juu kinang'aa. Na ngazi zenye mzigo hazipandwi na malapa.

Wasomaji wengine, mnaocheza ndondo au mnaoteguka kifundo kwenye mashimo ya Msimbazi, siku mbili za kwanza msikande kwa maji ya moto wala kuchua. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia baada ya saa kadhaa, zungushia bandeji isiyobana sana, na lala mguu ukiwa juu ya mto. Kama huwezi kupiga hatua nne, mguu umepinda, au vidole vimekufa ganzi na kupoa, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu Kilimanjaro, mwanangu, mbio zile zipo kila mwaka, na mbali na kilomita 42 na 21 kuna za kilomita 5. Daktari akisema bado, nenda Moshi ukawashangilie wenzako. Akisema tayari, anza na hizo 5, na 21 uzipange kwa mwaka unaofuata. Ukishapata majibu ya picha, niandikie tena.

Shangazi