SOMO LETU: MCHUKUZI WA CHANGIZO

Tusome: 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wakorintho 8:16-21



Mtume Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, jambo moja lilimshughulisha sana, nalo ni jinsi fedha zile zitakavyofika. Hakujichagulia wachukuzi peke yake. Aliwaagiza Wakorintho wawachague wenyewe watu wanaowakubali, naye atawatuma pamoja na barua. Katika waraka wa pili twamwona Tito akisafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kulaumu. Basi hapa pana watu watatu: mtoaji, mchukuzi na mpokeaji. Katika somo hili tunataka kumwangalia huyo wa katikati, maana siku hizi amekuwa na nguvu kuliko hao wawili.

Leo mchukuzi ni kampuni. Mtu wa London akitaka kukisaidia chama fulani huandika namba ya kadi yake, na fedha hupita mikononi mwa Visa, MasterCard au PayPal. Sisi nasi, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, tumezoea kutoa hata zaka kwa simu. Je, mchukuzi huyu ana haki ya kusema, "Fedha hizi sizipeleki, kwa kuwa yule unayempelekea ana maneno mengi"?

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2010. Mwishoni mwa Novemba, WikiLeaks ilianza kutangaza barua za siri za mabalozi wa Marekani, zaidi ya 250,000 kwa jumla. Serikali ya Marekani ilikasirika. Mapema Desemba PayPal ilifunga akaunti iliyopokea michango yao, kisha MasterCard na Visa wakasimamisha malipo, na Bank of America ikafuata. Wakati huo hapakuwa na mahakama yoyote iliyowahukumu kwa kuzitangaza barua hizo. Kampuni moja ya Norway, iliyopewa kazi ya kuchunguza, ilisema mapema mwaka 2011 kwamba haikuona kuwa kanuni za Visa zimevunjwa. Hata hivyo mlango haukufunguliwa. WikiLeaks wenyewe walisema wamepoteza asilimia 95 ya mapato yao.

Wengine watasema kampuni ni mali ya watu, na mwenye duka aweza kuchagua wateja. Lakini mwenye duka mmoja akikukataa waenda kwa jirani yake. Hawa wakubwa wakikataa pamoja, jirani yuko wapi? Huko Iceland kesi ilifika mahakamani. Kampuni ya Valitor, iliyowahudumia Visa na MasterCard, ilikuwa imekata huduma iliyopokea michango ya WikiLeaks. Mwezi Aprili 2013 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba mkataba umevunjwa. Valitor ikaamriwa kufungua njia, la sivyo itozwe krona 800,000 kila siku. Mahakama haikusema kama WikiLeaks ni wema au wabaya. Ilitazama ahadi ya mchukuzi.

Hata hivyo tusimfanye mchukuzi kuwa punda asiye na dhamiri. Sheria hukataza kupeleka fedha kwa wauaji, na ni vema ikataze. Mwezi Agosti 2017, baada ya fujo za wabaguzi wa rangi katika mji wa Charlottesville, Marekani, ambako mwanamke mmoja aliuawa, PayPal ilitangaza kwamba haitakubali huduma yake itumike kueneza chuki. Hatuwalilii wabaguzi. Lakini yafaa tujue kwamba ufunguo uliowafungia hao ndio ule ule uliofunga mwaka 2010, na aushikaye hakuchaguliwa na mtoaji wala na mpokeaji.

Tena yako mambo ya Kanada. Mwezi Februari 2022 madereva wa malori walipoziba njia za Ottawa wakipinga amri za chanjo, watu walikuwa wamewachangia dola za Kanada zipatazo milioni 10 kwa njia ya GoFundMe. Kampuni ilisimamisha mchango huo, ikasema vurugu zimevunja masharti yake. Hilo laweza kujadiliwa. Lakini kwanza ilitangaza kwamba asiyeomba kurudishiwa fedha zake, zitapelekwa kwa mashirika mengine ya hisani! Watu walipopiga kelele, ikageuka siku iliyofuata na kumrudishia kila mtu chake. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo mchukuzi alipojisahau kabisa. Mchukuzi asiyetaka kubeba mzigo aurudishe kwa mwenyewe. Hana ruhusa ya kuupeleka kwa mwingine.

Na serikali? Mtawala akitaka kuzuia mchango, na aende mahakamani mchana, mtuhumiwa ajibu. Kumnong'oneza mchukuzi ni njia ya mkato, na ni ya hatari, kwa sababu hakuna wa kumshtaki. Mwezi Mei 2024 majaji wote wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana kwamba mtumishi wa serikali haruhusiwi kuyatisha makampuni ili yawaadhibu watu kwa sababu ya maoni yao. Mlalamikaji alikuwa chama cha wenye bunduki, ambacho Wakristo wengi hawakipendi, na aliyekitetea ni chama cha haki za raia, ambacho mara nyingi hakipatani nacho.

Kwa mazungumzo katika vikundi, tusome pia Mathayo 27:6 na Warumi 15:30-31. Makuhani walikataa fedha za Yuda zisiingie katika hazina, na Paulo aliomba huduma yake ikubaliwe na watakatifu, maana mpokeaji naye aweza kukataa. Je, kama Tito angebadili nia katikati ya safari, Wakorintho wangekwenda kumdai nani?