PIMA KABLA YA KUFUNGUA
Kijitabu cha elimu kwa mafundi, madereva na wenye magari: Njia Panda ya Nanganga, Ruangwa na Nachingwea



Mwenye Noah moja inayobeba abiria kati ya Nanganga na Ruangwa alituletea kiroba. Ndani mlikuwa na betri, stata na alteneta, vyote vimefunguliwa kwenye gari lake ndani ya wiki tatu, kimoja baada ya kingine, kwa sababu gari lilikuwa likigoma kuwaka asubuhi. Alinunua betri mpya, gari likagoma. Akaagiza stata ya mtumba kutoka Dar es Salaam, gari likagoma. Akanunua alteneta, likagoma tena, safari hii likiwa na abiria ndani. Tulivipima vile vifaa vitatu vya kwenye kiroba mbele ya macho yake. Vyote vilikuwa vizima.

Malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi, na huongezeka kila msimu wa korosho unapokaribia, magari yanapohitajika zaidi na subira inapopungua. Tunajua wengi wenu hamna imani na gereji. Tunajua pia mafundi wengi hawana imani na karatasi zinazotoka ofisini. Tunawaomba msome hii hadi mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ni moja tu, na tutalirudia hadi mlichoke: USIBADILISHE KIFAA AMBACHO HUJAKIPIMA.

Mwanzo ni kusikiliza

Gari likiingia gerejini, mafundi wengi hukimbilia spana. Mahali pa kuanzia ni mdomo wa dereva. Tena dereva mwenyewe, kwa sababu huku kwetu anayeleta gari mara nyingi siye aliyekuwa akiliendesha. Tajiri analeta gari, dereva yuko nyumbani, na siku ubovu ulipoanza usukani ulikuwa mikononi mwa deiwaka ambaye hata namba yake ya simu haijulikani. Habari inafika kwa fundi ikiwa imepita midomo mitatu, na imebaki maneno mawili: "Haina nguvu."

Haina nguvu lini? Likiwa la baridi au likishapata moto? Kwenye kilima, au hata kwenye tambarare? Lilianza ghafla au lilididimia kidogo kidogo? Lilijazwa mafuta wapi mara ya mwisho, kwenye kituo au kwenye madumu ya kando ya barabara? Nani alilifungua kabla yako, na alifungua nini? Fundi aliyeuliza maswali haya na kuandika majibu kwenye daftari amekwisha kuokoa nusu ya kazi. Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Ubovu mwingi tunaoukuta umeletwa na mkono wa mwisho uliogusa gari: plagi ya waya haikurudishwa sawasawa, hozi ya hewa imeachwa bila kubanwa, fyuzi ya ampea 10 imebadilishwa kwa ya 30.

Kisha fundi aione hitilafu kwa macho yake mwenyewe. Kama dereva anasema gari linatetemeka, mfanye akuonyeshe linavyotetemeka. Hitilafu ambayo hujaiona kabla ya kazi huwezi kuapa kwamba umeiondoa baada ya kazi.

Ukaguzi wa macho, pua na masikio kila fundi anaujua, hatutakaa hapo: mafuta yanayovuja, mikanda iliyolegea, panya waliotafuna nyaya, chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu.

Ile boliti moja

Turudi kwenye Noah. Chombo tulichotumia ni multimita, ile ndogo inayouzwa hata kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa nyumbani.

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, maana yake imejaa. Ingesoma 12.2 tungesema imebaki nusu. Tukamwambia dereva apige stata huku tukiangalia: betri ikashuka kidogo ikabaki juu ya volti 10. Ingeanguka chini ya 9.6 tungeitilia shaka. Kwa hiyo betri ni nzima, na ile ya zamani iliyokuwa kwenye kiroba nayo ilikuwa nzima vilevile. Lakini stata ilikuwa ikizunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usiku. Umeme ulikuwepo kwenye betri na haukuwa ukifika wote. Ulikuwa unapotelea njiani.

Hapo ndipo kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote kinapohitajika. Waya mweusi wa multimita tuliuweka kwenye nguzo hasi ya betri. Waya mwekundu tukaugusisha kwenye chuma cha injini, mahali pasipo na rangi wala kutu. Dereva akapiga stata tena. Waya wa ardhi ukiwa mzuri, multimita husoma volti 0.2 au chini ya hapo, na ikizidi nusu volti kuna tatizo. Yetu ilisoma 2.3. Volti mbili na zaidi zilikuwa zinaishia kwenye waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye injini, waya ambao hakuna aliyeutazama kwa sababu kwa nje ulikuwa unang'aa.

Tulifungua boliti inayoubana. Chini yake palikuwa na kutu na tope lililoganda gumu kama tofali. Tukasugua kwa msasa, tukakaza, tukapima upya: volti 0.1. Gari likawaka mara moja. Ndiyo maana hata alteneta mpya haikusaidia, kwani umeme wake nao ulikuwa unarudi betri kwa njia hiyohiyo iliyozibwa.

Kipande cha msasa. Mwenye gari alikaa kwenye benchi akakiangalia kile kiroba bila kusema neno.

Ndugu fundi, hatusemi haya kukuaibisha. Aliyebadilisha vifaa vile hakuwa mwizi. Alikuwa anabahatisha, na kubahatisha kunalipwa kwa fedha ya mtu mwingine. USIBADILISHE KIFAA AMBACHO HUJAKIPIMA.

Mashine haitaji mkosaji

Siku hizi gereji nyingi, hata za njia panda, zina mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Ni jambo jema. Lakini imekuja na ugonjwa wake: fundi anachomeka, namba inatokea, spea inanunuliwa.

Chukua namba P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Imeonaje? Kwa kutumia sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi. Basi mara nyingi sensa hiyo ndiyo inayong'olewa na kutupwa, nayo ndiyo iliyokuwa inasema kweli. Hewa ya ziada inaweza kuwa inaingia kwenye hozi iliyopasuka nyuma ya injini. Inaweza kuwa sensa ya kupimia hewa imefunikwa na vumbi kwa sababu chujio limewekwa la kubahatisha. Au petroli yenyewe haifiki ya kutosha, pampu imechoka, filta imeziba. Namba moja, visababishi vinne au vitano, na bei yake kutoka hozi ya shilingi elfu chache hadi pampu ya mamia ya maelfu. Namba inakuonyesha mlango wa kubisha. Aliyemo ndani utamjua kwa kupima.

Na tunaonya kwa nguvu zote: KUFUTA NAMBA SI KUTENGENEZA GARI. Taa ya injini ikizimwa kwa mashine itawaka tena baada ya siku chache. Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakaiziba taa kwa gundi nyeusi au kuing'oa balbu yake ili gari liuzike au lipite ukaguzi. Taa ya breki na ya mifuko ya hewa nazo zinafanyiwa hivyo. Huo ni udanganyifu, na atakayelipia ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha gari hilo.

Kung'oa themostati

Gari likichemka, dawa iliyozoeleka ni kung'oa themostati na kuitupa. Themostati hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hadi 88 hivi, kutegemea gari. Bila hiyo injini inakaa baridi muda mrefu, inakula mafuta zaidi na kuchakaa upesi, na chanzo cha kuchemka kinabaki palepale. Ichovye kwenye sufuria ya maji yanayochemka uone kama inafunguka. Kisha tazama rejeta. Katika barabara zetu za vumbi tumekuta marejeta yaliyozibwa kwa nje na tope, mbegu za nyasi na wadudu, kiasi kwamba feni ilikuwa inavuta hewa bure.

USIFUNGUE KIFUNIKO CHA REJETA LIKIWA LA MOTO. Mfuniko unashikilia shinikizo, na maji ya ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanalipuka usoni.

Breki: hapa hatubembelezi

Ujenzi wa lami kati ya Nanganga na Ruangwa, kilomita 53.2, ni neema kubwa kwa wilaya hizi. Lakini lami inaongeza mwendo. Breki iliyotosha kwenye vumbi, gari likitambaa, haitoshi kwenye lami.

Kuna tabia moja tunataka ife. Breki ya tairi moja ikivuja, fundi hulikunja lile bomba dogo la mafuta ya breki, akaligonga nyundo, na kumwambia dereva, "Itakufikisha." Pedali inarudi kuwa ngumu, dereva anafurahi. Lakini sasa tairi tatu zinashika na moja haishiki. Siku atakapokanyaga kwa nguvu, mtoto amekatiza barabara, gari litavuta upande wenye breki, na kama mvua imenyesha litageuka. Pedali ngumu imemdanganya. Kuvuja kulikuwa onyo, na onyo limenyamazishwa kwa nyundo.

HAKUNA "ITAKUFIKISHA" KWENYE BREKI. Gari linabaki gerejini hadi spea ipatikane. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kuendeshwa barabarani.

Kupima breki hakuhitaji mashine ya gharama. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa gari. Pedali ikizama kidogo, kisaidizi cha breki kinafanya kazi. Ikibaki juu, tafuta hozi ya upepo. Ikizama polepole hadi chini ukiwa umeishikilia, kuna kuvuja, au masta silinda imechoka. Na mafuta ya breki yana umri: yanavuta unyevu wa hewani. Aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205, lakini yakishavuta maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka juzi itupwe.

Baada ya kazi ya breki, gari lijaribiwe likiwa tupu, mahali pa wazi, kwa mwendo mdogo kwanza. Tumesikia magari yanayojaribiwa breki yakiwa na abiria, ati kwa sababu foleni ya stendi imefika. Acheni.

Neno la Nachingwea

Wazee wa Nachingwea wanaijua habari ya Mpango wa Karanga, ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yamenunuliwa hadi Ufilipino. Huko Kongwa, mwaka wa kwanza haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamesimama. Mpango ulifutwa mwaka 1951. Sababu zilikuwa nyingi, udongo na mvua zikiwemo, ila kila aliyefanya kazi ya ufundi ataelewa maana ya kuleta mashine mia kadhaa kabla ya karakana na mafundi kuwa tayari.

Leo mafundi wapo, na kazi yao tunaiheshimu. Tunasema kwa fahari kwamba waliojifunza nasi chini ya mwembe pale njia panda sasa wana daftari gerejini: malalamiko ya mteja, kipimo, kilichofanyika, kipimo cha mwisho. Mistari minne tu, na wateja wamekwisha kuiona tofauti. Fundi aliyejifunzia kazi mtaani na anayetaka cheti, VETA hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Masharti na ada ataelezwa chuoni.

Mwenye gari, nawe una wajibu. Dai kifaa cha zamani kila kinapobadilishwa, ni mali yako. Lipa gharama ya kupima bila manung'uniko, kwa sababu fundi asiyelipwa kwa kupima atajilipa kwa kubadilisha. Na kesho ukifika gerejini, kabla hujatoa fedha ya spea, muulize fundi: umepima nini, na kipimo kimesoma ngapi? Kama hana jibu, funga mfuko wako, usimpe hela ya spea hadi apime.