Tiba ya Uraibu Jijini Dar es Salaam: Kaya Ianzie Wapi

Uraibu ni ugonjwa sugu unaobadilisha namna ubongo unavyofanya kazi, kiasi kwamba mtu huendelea kutumia kilevi hata anapoona wazi kuwa kinamharibia afya, kazi na uhusiano wake na watu wa nyumbani. Kwa kuwa ni ugonjwa sugu, hutibiwa kwa muda mrefu na kwa ufuatiliaji, kama kisukari kinavyotibiwa, huku wahudumu na ndugu wakitambua kwamba mgonjwa anaweza kupata nafuu, akateleza, kisha akainuka tena. Jambo hili linahitaji kusemwa mapema, kwa sababu kaya nyingi huanza kutafuta msaada zikiwa na imani kwamba ndugu yao akifungiwa mahali kwa wiki mbili na sumu ikatoka mwilini, atarudi mzima na shughuli itakuwa imekwisha. Imani hiyo imegharimu maisha ya watu, na sehemu kubwa ya kijitabu hiki inaeleza kwa nini.

Kuondoa sumu mwilini ni kipindi kifupi ambacho mwili uliozoea kilevi unajifunza upya kufanya kazi bila kilevi hicho, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi wa wataalamu wanaompa dawa za kupunguza mateso na kuzuia madhara. Kipindi hicho huufungua mlango wa tiba, lakini hakigusi hamu ya kilevi, ambayo hubaki ubongoni kwa miezi na hata miaka. Wakati huohuo huondoa kitu kimoja ambacho ndugu hawakioni, nacho ni ustahimilivu, yaani uwezo wa mwili kuhimili kiasi kikubwa cha kilevi ambacho mtu asiyezoea hawezi kukihimili. Mtumiaji wa heroini aliyekaa siku kumi au mwezi mzima bila kutumia, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua na kufa kwa kipimo kilekile ambacho awali hakikumdhuru. Kwa hiyo siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini, katika nyumba ya upataji nafuu (inayoelezwa hapa chini) au gerezani, ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kifo, na kaya inayomtafutia mgonjwa wake mahali pa kulazwa inapaswa kuuliza siku hiyohiyo ya kwanza ni tiba gani itakayofuata akitoka.

Kutambua kilevi kabla ya kutafuta kitanda

Aina ya kilevi ndiyo inayoamua kama mgonjwa anahitaji kulazwa, na kwa haraka gani. Mtumiaji wa heroini, ambayo mitaani huitwa unga, huanza kupata arosto kati ya saa 8 na 24 baada ya kutumia mara ya mwisho: hutokwa na jasho, machozi na kamasi, mifupa humuuma, hutapika, huharisha na kukosa usingizi. Hali hiyo huwa kali zaidi katika siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika muda wa siku 4 hadi 10. Arosto ya heroini hutesa sana, ila kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni nadra kuua, isipokuwa pale anapotapika na kuharisha mpaka maji yakamwishia mwilini bila mtu wa kumhudumia.

Pombe ni tofauti, na hapa kaya nyingi hukosea kwa sababu pombe huonekana jambo la kawaida kuliko unga. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, iwe bia, konyagi au gongo, akiacha ghafla anaweza kutetemeka ndani ya saa chache, akapata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, akapandwa na homa na mapigo ya moyo yakaenda mbio. Hali hii ya mwisho huua isipotibiwa hospitalini kwa dawa za kutuliza, maji na vitamini B1. Hatari inayofanana nayo humkabili anayeacha ghafla vidonge vya usingizi na vya kutuliza, kama vile diazepamu, alivyovitumia kwa miezi mingi. Kwa hiyo kumfungia chumbani mlevi wa miaka mingi ili pombe imtoke ni kumhatarisha maisha, hata kama nia ya ndugu ni njema. Bangi na mirungi kwa kawaida havihitaji kitanda cha hospitali, isipokuwa pale ambapo mtumiaji amechanganyikiwa akili au anataka kujidhuru.

Mjamzito anayetumia heroini ana kanuni yake. Arosto kali inaweza kusababisha mimba kutoka au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri apewe methadoni, dawa inayoelezwa hapa chini, badala ya kuachishwa kwa ghafla. Anapaswa kupelekwa hospitali mapema pasipo kusubiri ajifungue, na kliniki ya wajawazito ielezwe ukweli wote.

Huduma zilipo

Katika Dar es Salaam, mahali pa kuanzia pasipo na utata ni hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu na makazi ya mgonjwa, yaani Amana kwa wakazi wa upande wa Ilala, Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni na Temeke kwa upande wa kusini, ambako familia huulizia huduma za afya ya akili. Daktari humpima mgonjwa, huangalia kama ana maradhi mengine, na huamua kama atibiwe akitokea nyumbani, alazwe, au apewe rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambayo ina idara ya magonjwa ya akili yenye wodi za kulaza. Nje ya jiji, Hospitali ya Mirembe mkoani Dodoma ina kituo cha Itega kinachohudumia waraibu, na hufaa zaidi kwa familia ambayo mgonjwa wake anahitaji kuwa mbali na kijiwe chake. Mwenye degedege, aliyepoteza fahamu au anayetishia kujiua hapelekwi kliniki bali idara ya dharura, saa yoyote.

Kwa watumiaji wa heroini, huduma yenye ushahidi mkubwa zaidi ni tiba ya methadoni. Methadoni ni dawa ya kunywa iliyo katika kundi moja na heroini, lakini hukaa mwilini kwa muda mrefu, hivyo dozi moja kwa siku huzuia arosto na kupunguza hamu bila kumlewesha mtu aliyepangiwa kipimo sahihi. Kliniki ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwezi wa Februari 2011, ikafuatwa na Mwananyamala na Temeke, na baadaye huduma ikasambaa katika mikoa mingine. Zanzibar nayo ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Dawa hutolewa bure katika kliniki za umma, na kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wapo wanaolaumu kwamba tiba hii inabadilisha kilevi kimoja kwa kingine. Lawama hiyo haizingatii kwamba anayekunywa methadoni kwa utaratibu mara nyingi huacha au hupunguza kujidunga, hukabiliwa na hatari ndogo zaidi ya kufa na ya kuambukizwa Virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na anaweza kurudi kazini na kulea watoto wake.

Njia ya kawaida ya kujiunga hupitia asasi za kiraia, ambazo waelimishaji rika wake huwafikia watumiaji vijiweni, huwaandaa na kuwasindikiza kliniki, ambako mkojo hupimwa kuthibitisha matumizi kabla ya dozi ya kwanza kutolewa. Kaya isiyojua asasi iliyo jirani inaweza kupiga bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambayo pamoja na kukamata wauzaji hushughulika pia na masuala ya tiba. Kikwazo kikubwa zaidi ni nauli. Dawa ni ya bure lakini safari ni ya kila siku, na familia iliyokuwa tayari kuchanga fedha nyingi za kumlaza ndugu yao kwa mwezi mmoja ingefanya la maana zaidi kuligawa fungu hilo liwe nauli ya daladala ya mwaka mzima.

Nyumba za upataji nafuu

Nyumba ya upataji nafuu ni makazi ambamo waraibu huishi pamoja kwa miezi kadhaa bila kilevi, mara nyingi chini ya uongozi wa watu waliopona wenyewe, wakifuata ratiba ya vikao, kazi na ushauri nasaha. Nyumba hizi huwafaa hasa walioacha pombe, na walioacha heroini ambao hawako kwenye methadoni, lakini nyingi hutoza ada na ubora wake hutofautiana sana. Kabla ya kulipa, familia inapaswa kuitembelea nyumba yenyewe na kuona wanapolala wakazi, kuomba kuonyeshwa usajili, na kuuliza ni daktari au muuguzi gani anayemhudumia mtu akiwa katika arosto, dawa za UKIMWI na kifua kikuu zinaendelezwaje, na kama ndugu wanaruhusiwa kumwona mgonjwa wao faraghani. Mahali panapofunga watu minyororo, panapopiga, au panapokataza dawa za hospitali kwa madai kwamba maombi au mitishamba inatosha, pasipewe mgonjwa, hata pakiwa karibu na nyumbani na ada yake ikiwa ndogo.

Mgonjwa anaporudi nyumbani

Kabla ya siku ya kuruhusiwa, tarehe ya kliniki inayofuata iwe imeandikwa na mtu wa kumsindikiza awe amepatikana. Mgonjwa aelezwe waziwazi, mbele ya ndugu na bila vitisho, kwamba ustahimilivu wake umeshuka na kwamba kipimo chake cha zamani sasa kinaweza kumuua. Akiteleza, arudishwe kwa mhudumu haraka, kwa maana anayefukuzwa nyumbani hurudi kijiweni na kutumia peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumwokoa. Wanakaya wazijue pia dalili za kuzidisha heroini: mtu haamki hata akitikiswa, anapumua kwa shida au kwa kukoroma, midomo na kucha vimegeuka rangi ya samawati na mboni za macho zimekuwa ndogo mno. Huyo alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, apuliziwe pumzi mdomoni ikiwa ameacha kupumua, asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa, na akimbizwe hospitali huku wahudumu wakiambiwa mara moja kwamba ametumia heroini, kwa sababu ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ndani ya dakika chache.