Fuliza inakukata lini? Elewa mpangilio, okoa faida yako

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee Fuliza. Wengi tunaijua kutumia, lakini jinsi inavyojikata hatuielewi vizuri.

Fuliza ni deni la benki. Ilianza mwaka 2019, na nyuma ya Safaricom kuna NCBA na KCB. Ukituma pesa na salio halitoshi, inajazia iliyopungua. Gharama ni mbili: asilimia 1 ya kiasi ulichokopeshwa, inayotozwa kila unapofuliza, halafu ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni mpaka umalize kulipa.

Sasa shika hili: pesa yoyote ikiingia M-Pesa yako, deni linakatwa KWANZA. Wewe unapata kilichobaki.

Tupige hesabu (nimeacha ushuru na gharama ya kutuma ili iwe rahisi):

Asubuhi una 1,200. Unamlipa muuzaji wa jumla 2,000. Fuliza inajazia 800, inaongeza 8. Deni ni 808.

Jioni mteja analipa gauni 1,500. Zinakatwa 808, unabaki na 692.

Kichwani unajua una 1,500, kwa hiyo unatuma 1,200 za mzigo mwingine. Umefuliza tena 508, na asilimia 1 nyingine hiyoo! Deni likiendelea kukaa, ada ya siku nayo inakungoja.

Sasa geuza mpangilio. Mteja alipe kwanza: 1,200 + 1,500 = 2,700. Mlipe muuzaji 2,000. Unabaki na 700 na huna deni. Pesa ni zilezile, kilichobadilika ni nani ametangulia.

Mimi nafanya hivi:

1. Oda zikishathibitishwa, nangoja malipo ya mteja yaingie ndipo nilipe mzigo. Muuzaji wa jumla unayemzoea, mwombe tu: "Nikulipe jioni?" Wengi wanakubali.

2. Kabla ya kutuma, nasoma salio lililoandikwa kwenye ujumbe wa M-Pesa. Kiasi alichotuma mteja si salio langu.

3. Pesa za mauzo naziweka kando, Pochi la Biashara au till. Za unga na nauli zinakaa M-Pesa ya kawaida. Ila kumbuka, ukihamisha za mauzo kuja M-Pesa yenye deni, zitakatwa.

4. Nikilazimika kufuliza, nalipa siku ileile. Hata nikiwa na kidogo naweka, deni lipungue.

5. Kila Jumapili napiga *234# kuangalia deni, na nafungua taarifa ya M-Pesa najumlisha ada zote za wiki.

Kama gauni moja linakuachia faida ya 150, shilingi 20 hapa na 30 pale ndizo zinakula biashara taratibu. Jumlisha za kwako za wiki hii, uone umeuza magauni mangapi kwa ajili ya Fuliza.

Mtumie mwenzako anayeuza mtandaoni. Kazi njema!