Daftari la Simu ni Siri ya Mwenyewe

Katika darasa yetu moja, ndugu mmoja alituuliza suala ambalo mwanzo baadhi yetu walilicheka, kisha wakanyamaza. Alisema: "Mimi katika simu sisemi neno la haramu, wala sina jambo la kuficha. Basi nina dhara gani mtu akienda akatolewa orodha ya namba nilizozipiga? Maneno yangu hakuyasikia."

Tumeona suala hili lastahiki kujibiwa kwa kalamu, kwani si lake peke yake. Mara ngapi tumemsikia mtu barazani akijisifu kuwa "ana mtu wake mle ndani," na kwamba akitaka kumjua mkewe au mshirika wake azungumza na nani, jambo hilo kwake ni la dakika chache na kikombe cha chai? Wanaomsikiliza hawamkemei. Huuliza bei.

Natutazame kwanza daftari hilo lina nini. Lina namba iliyopiga na namba iliyopigiwa, siku, saa, na muda wa mazungumzo. Na kwa simu za mkononi, hata mnara uliozipokea, yaani upande gani wa mji alikuwako mwenye simu. Maneno hayamo. Lakini mwanamke aliyepiga simu Jumatatu kwa daktari wa maradhi ya kike, Jumanne kwa ndugu yake mara nne, na Jumatano kwa afisi ya Kadhi, yahitaji kusikia maneno yake ndipo ujue yaliyomfika? Na mfanyabiashara aliyempigia wakili, kisha dalali wa nyumba, kisha wanaomdai mmoja baada ya mmoja? Kuisoma orodha hiyo ni sawa na kukaa na karatasi na kalamu mbele ya mlango wa jirani yako, ukaandika kila aingiaye na kila atokaye, na saa zao. Hukuingia ndani, ni kweli. Wala hapana jirani atakayekustahamilia.

Dini yetu haikungoja simu ije ndipo itufundishe haya. Katika Sura ya Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana, na katazo hilo limewekwa pamoja na la dhana mbaya na la kusengenya, kwani dhana ndiyo imtumayo mtu kupeleleza, na kilichopatikana kwa upelelezi huishia katika kusengenya. Na katika Sura ya Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini.

Serikali za dunia zilichelewa kulifahamu jambo hili, na mfano ulio wazi kabisa ni wa Marekani. Mwaka 1979 Mahkama Kuu ya nchi hiyo ilihukumu kesi ya mtu aliyemwibia mwanamke mjini Baltimore, kisha akawa akimpigia simu za kumtisha. Polisi waliiomba kampuni ya simu iandike namba alizokuwa akizipiga mtu huyo kutoka nyumbani kwake, bila ya hati ya hakimu. Majaji watano kwa watatu walisema kuwa hapana kosa: mwenye kupiga namba amekwisha kuikabidhi kampuni kwa khiari yake, basi hana siri tena ndani yake. Sisi twaona hoja hii ni dhaifu. Anayemwekea mwenziwe amana hakuitupa njiani.

Matunda ya fikra hiyo yalionekana baadaye, na walioyachuma hawakuwa polisi. Palizuka watu waliofanya biashara ya kuuza madaftari ya simu za watu. Januari 2006 mwandishi mmoja, kwa kutaka kuonyesha ubaya wa biashara hiyo, alinunua kwa dola 89.95 orodha ya simu mia za Jenerali Wesley Clark, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya NATO huko Ulaya na ambaye mwaka 2004 aligombea kuteuliwa na chama chake kwa uraisi. Ikiwa siri ya jenerali ilinunuliwa kwa bei ya jozi ya viatu, ya mchukuzi ingekuwa na thamani gani?

Septemba mwaka huo huo likafichuka jambo la kampuni ya Hewlett-Packard. Mwenyekiti wa bodi yake alitaka kumjua mkurugenzi aliyekuwa akitoa siri za vikao kwa waandishi wa magazeti. Wakaajiriwa wapelelezi, na wapelelezi wale hawakuvunja mlango wala kukata waya. Walipiga simu kwa makampuni ya simu wakajifanya kuwa ndio wenyewe: mkurugenzi fulani, mwandishi fulani. Kwa mkurugenzi mmoja ilitosha kutaja namba ya simu ya nyumbani kwake na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya bima ya taifa. Waandishi tisa walifanyiwa hila hiyo. Mkurugenzi mmoja alikuwa amejiuzulu tangu Mei kwa kuchukizwa. Mwenyekiti akaondoka baada ya habari kuenea. Na Desemba kampuni ikakubali kulipa dola milioni 14.5 kumaliza madai ya jimbo la California.

Wanasheria walipotazama vitabu vyao waliona tundu. Sheria ya mwaka 1996 ilikuwa imewapa makampuni ya simu wajibu wa kuhifadhi khabari za wateja. Sheria ya mwaka 1999 ilikataza hila kama hii kwa hesabu za benki. Lakini hapakuwa na sheria ya taifa zima iliyolitaja kwa jina lake kosa la kulaghai kwa ajili ya kupata daftari la simu. Tundu hilo likazibwa kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 12 Januari 2007, ambayo adhabu yake yafika kifungo cha miaka kumi. Na tunalotaka ndugu zetu walizingatie ni kwamba sheria hiyo haikumshika mlaghai peke yake. Yamshika auzaye, na yamshika anunuaye au apokeaye hali ya kujua kuwa daftari limepatikana kwa hila. Na ikiwa limetumiwa kumwandama mtu au kumdhuru wa nyumbani, adhabu huzidishwa. Mwaka huo huo makampuni yakaamrishwa yasimsomee mtu orodha ya simu kwa mdomo ila atoe neno la siri. Asipokuwa nalo, yampelekee kwa anwani yake au yampigie kwa namba yake iliyoandikwa.

Ama polisi, sheria hiyo haikuwagusa katika kazi yao ya halali. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 2018, Mahkama Kuu ilipohukumu, majaji watano kwa wanne, kuwa serikali ikitaka kujua nyendo za mtu kwa siku nyingi kutoka madaftari ya simu ya mkononi yapasa kwa kawaida ipate kwanza hati ya hakimu. Katika kesi hiyo polisi walikuwa wamepata nyendo za mtu za siku 127.

Turudi kwetu. Wako wanaodhani kuwa mambo haya ni ya wazungu, na kwamba Kenya haina sheria. Si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yalinda siri ya mawasiliano na ya mambo ya jamaa. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu yamfanya mkosa anayezipata bila ya idhini ya aliyezihifadhi, na anayezitoa, na anayezitangaza kuziuza. Na adhabu yaweza kufika shilingi milioni tatu au kifungo cha miaka kumi, au vyote viwili. Basi yule "mtu wake mle ndani" ahatirisha kazi yake na uhuru wake kwa ajili ya kikombe cha chai, na rafiki aliyemtuma asidhani kuwa yeye yu salama nje ya mlango.

Na aliyedhulumiwa asikae kulalama barazani. Naaiandikie kampuni, abakishe nakala ya barua yake, ataje siku na jambo alilolijua mtu asiyestahiki kulijua. Asiporidhika, ana haki ya kumshitakia Kamishna wa Khabari za Watu, ambaye sheria yamtaka amalize uchunguzi katika siku tisini. Hahitaji wakili kwa hilo.

Ndugu yetu mwenye suala alikuwa na suala la pili: mume afunguaye simu ya mkewe akiwa amelala, na mke amfanyiaye mumewe vivyo hivyo. Hapo hapana kampuni wala karani, na maneno yake ni mengi; tutayasoma katika darasa ijayo, inshaallah.