Dondoo muhimu: Chakula cha kuzunguka Mlima Kailash

Mzunguko wa Kailash, Tibet, ni kilomita 52 hivi, na mahujaji wengi huumaliza kwa siku 3. Kwenye kipito cha Dolma La, juu ya mita 5,600, hamu ya kula hupotea, basi panga mapema.

1. Acha maharage nyumbani: karibu mita 5,000 maji huchemka kwenye nyuzi 83 hivi, utamaliza gesi na hayataiva.
2. Beba vya kuongeza maji moto tu: oti za kuiva haraka, unga wa uji uliokwisha kuiva, supu ya pakiti.
3. Chagua unachokipenda hata ukiwa mgonjwa. Kashata, tende na korosho hazijamwangusha mtu.
4. Huli nyama? Soma pakiti za tambi. Nyingi zina mchuzi wa nyama.
5. Onja tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, ila chai ya siagi inayochanganywa nayo ina chumvi.
6. Kula kidogo kila baada ya saa moja au mbili, bila kungoja njaa.
7. Siku ya Dolma La, jaza chupa ya chai kwenye monasteri ya Dirapuk alfajiri, na weka vitafunio ndani ya koti. Kosa la wengi ni kuviacha kwenye mzigo wa yaki, ambaye hamngojei mtu.
8. Usifunge siku hiyo, hata kwa nadhiri.
9. Chemsha maji yote, hata ya ziwa takatifu la Manasarovar lililo karibu na mlima.
10. Kichwa kikiuma huku unatapika, usijilazimishe kula: shuka.